Kati ya Wiki ya Sita na ya Tisa

Kazini walimwita Bi Ratiba, na jina lilimganda mpaka makarani wakawa wanaliandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa barua zake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwenye kutembea polepole na kuongea polepole zaidi. Ungemkuta mezani kwake saa nane mchana, macho amefumba, kidole kimoja kinatembea juu ya karatasi, ungeapa kwamba amesinzia. Kumbe yuko ndani ya jengo ambalo halijajengwa, anapita korido, anajaribu milango.

Kazi yake ilikuwa kuandika mipango ya majengo ya umma: shule, masoko, zahanati. Wachoraji walichora, wajenzi walijenga, na yeye aliandika lile faili nene linalotangulia jembe la kwanza. Ndani yake mlikuwa na hati ya upeo wa kazi, inayosema nini kitajengwa na nini hakimo. Mlikuwa na mgawanyo wa kazi, unaolivunja jengo zima vipande vipande hadi kitasa cha mwisho, kisha ratiba inayokipa kila kipande wiki yake. Baada ya hapo orodha ya hatari, yaani yote yanayoweza kuharibika na nani akimbilie wapi yakiharibika. Na mwisho kabisa, ukurasa mmoja wa saini.

Idara yao ilifuata mtindo wa zamani. Hatua moja iishe, isainiwe, ndipo ya pili ianze, kama maji yanavyoteremka ngazi; hakuna kupanda tena. Mkuu wa Miradi, bosi wake, mtu nadhifu aliyependa kalamu nzito, alikuwa na maneno yale yale kila siku ya saini: "Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye neno aseme sasa." Alikuwa ameshafungua kofia ya kalamu kabla hajamaliza kusema, na hakuna aliyewahi kuwa na neno.

Mtindo wa kufumba macho Bi Ratiba aliurithi kwa baba yake. Mzee alikuwa mpima ardhi na mlaza mabomba wa serikali miaka thelathini na minane, na wachimba mitaro wa zama zake walimpa jina la Futikamba, kwa kuwa hakuonekana bila futikamba yake kiunoni. Tangu mama alipofariki waliishi wawili, baba na binti, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye kibaraza kinachotazama machweo. Mzee alikuwa na chumba cha mbele, redio yake, na kalamu nyekundu.

Kalamu hiyo ilikuwa na heshima yake. Kwa miaka kumi na minane hakuna faili la Bi Ratiba lililokwenda kusainiwa bila kupita kwanza kwa mzee. Alilikalia siku mbili tatu, kisha akalirudisha limejaa mistari kama mtu aliyekwaruzwa na paka. "Wiki ya nne unapaka rangi, wiki ya tano unatoboa ukuta," aliandika pembeni. "Unapaka rangi ya kutoboa?" Bi Ratiba alinuna, kisha akarekebisha.

Mwaka huo likaja faili la zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa ya zamani, imechakaa, na kiwanja chake ni kimoja tu, kwa hiyo jengo jipya lingejengwa ubavuni mwa lile la zamani huku la zamani likiendelea kupokea wagonjwa. Wodi ya wazazi isingefungwa hata siku moja. Mimba haijui ratiba. Bi Ratiba aliliandikia faili hilo miezi mitano. Wiki moja kabla ya siku ya saini akalichapa, akalitia mkobani, akampelekea baba.

Jumapili jioni mzee akalirudisha.

"Nimesoma neno kwa neno," alisema. "Hakuna pa kugusa. Hasa ratiba, imenyooka."

Hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Bi Ratiba alilala usiku huo akiwa mwepesi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

Jumatatu asubuhi, ofisini, alilifungua ili achomeke ramani moja iliyosahaulika. Ukurasa wa sitini na moja ulikuwa mweupe. Wa sitini na mbili, mweupe. Akafunua mpaka wa sabini na nne: karatasi kumi na nne, nyeupe pe. Wino wa mashine ulikuwa umekwisha katikati ya kazi kisha mtu akaujaza, na yeye akabeba bunda zima bila kutazama. Kurasa hizo ndizo zilizokuwa ratiba.

Kwanza alicheka. Mzee ametegea safari hii, alijiambia, amechoka kusoma, na si dhambi. Kisha kicheko kikamtoka kidogo kidogo, kama joto linavyotoka kwenye chai. Akakumbuka kwamba baba aliacha kujimiminia chai tangu mwanzo wa mwaka, akidai chai ya kumiminiwa na binti ina sukari ya ziada. Akakumbuka anavyokaa dirishani na gazeti, na kwamba gazeti la jana lilikuwa la wiki iliyopita. Siku hizi hakusalimu wa kwanza. Alisubiri mtu aseme neno ndipo amjue. Na ule mkono wake unaopapasa ukuta akienda uani, mkono aliodhani ni wa uzee tu.

Alikaa na zile karatasi tupu mapajani mpaka simu ya mezani ilipolia mara mbili na kunyamaza.

Alasiri hiyo alirudi nyumbani na ratiba iliyochapwa upya. Hakusema lolote kuhusu karatasi. Alimimina chai, akaisogeza mpaka ikagusa vidole vya baba, akaketi.

"Baba, naomba unisaidie jambo. Nataka nikusomee ratiba kwa sauti. Nikisoma kimoyomoyo nayapita makosa yangu, nayazoea."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti. Alikuwa kama mtu anayehisi mtego lakini haoni kamba.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema hatimaye. "Haya, mama. Soma."

Basi akasoma. Jua lilikuwa limeshuka, mwanga umejaa kibarazani mzito na wa njano, na sauti yake ilitoka taratibu kama mtu anayesomea wagonjwa. Wiki ya kwanza, uzio na geti. Wiki ya pili, njia ya malori. Alisoma mstari, akafumba macho, akaungojea uingie, akafumbua kusoma mwingine. Mzee alikuwa amefumba ya kwake tangu mwanzo. Baada ya dakika chache hawakuwa tena kibarazani. Walikuwa wanatembea wawili kwenye kiwanja kilichooshwa na mvua. Hapa rundo la mchanga, hapa kamba zilizovutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na vumbi la saruji likiwa limeninginia hewani bila kuanguka. Mzee aliuliza, "Lori linageukia wapi?" naye akajibu, na lori likageuka. Aliuliza, "Huyu mlinzi anakaa juani?" na kibanda cha mlinzi kikaota pale pale. Bi Ratiba alisikia kwato za mbuzi wa jirani zikipita njiani na kwa kitambo akadhani mbuzi nao wamo kwenye mpango.

Siku hiyo walifika wiki ya nne, giza likawakuta, wakala, wakalala.

Jumanne walianza mapema zaidi. Wiki ya tano. Wiki ya sita, kusafisha kiwanja upande wa mashariki: kung'oa sakafu ya zamani, kubomoa mnara wa tangi la maji, kusawazisha.

"Wiki ya saba," alisoma. "Kumwaga zege la msingi, upande wa mashariki, siku tatu."

"Simama hapo," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ya mbali. "Wewe unatazama zege. Mimi nimeingia wodini."

"Wodi ya zamani?"

"Si ndiyo inayofanya kazi? Nimesimama kando ya sinki. Mkunga amempokea mtoto sasa hivi, mikono ina damu. Anafungua bomba." Mzee aliinamisha kichwa, akisikiliza. "Mbona halitoi kitu?"

Bi Ratiba alifunua kurasa. "Tangi jipya linaunganishwa wiki ya tisa. Lakini wodi haitumii tangi, Baba. Mchoro unaonyesha inapata maji moja kwa moja kutoka bomba kuu la barabarani."

"Mchoro wa lini?"

Akamtajia mwaka. Kikombe cha mzee kilitua kwenye kisahani kwa kelele.

"Huo niliuchora mimi," alisema. "Niliuchora kabla hatujachimba. Tulipochimba, tulikuta mwamba karibu na wodi. Jiwe kama tumbo la kiboko. Vijana walilipiga siku nne, nyundo zikavunjika mipini. Nikasema basi, tuzibeni bomba papo hapo, wodi tutaipa maji ya tangi. Ikawa hivyo mpaka leo."

"Na mchoro?"

"Nilimwambia karani kwa mdomo." Mzee alipangusa midomo ingawa hakuwa amekunywa. "Nilikuwa kijana, nina haraka, nilikuwa na mitaro mingine miwili inaningoja. Nilidhani mdomo unatosha."

Bi Ratiba aliangalia vidole vyake mwenyewe: sita, saba, nane. Tangi linabomolewa wiki ya sita, jipya linakuja ya tisa. Moja limeandikwa kwenye sura ya kusafisha kiwanja, jingine kwenye sura ya mifumo ya maji, kurasa thelathini katikati, na hakuna jicho lililowahi kuyaona pamoja. Wiki tatu wodi ya wazazi bila tone la maji. Na ukurasa wa saini ulikuwa unangoja Alhamisi.

Jumatano alikuwa mlangoni kwa Mkuu wa Miradi kabla bosi hajavua koti.

"Mchoro una mhuri, Bi Ratiba," bosi alisema, akimsikiliza huku akipanga kalamu. "Umepita idara tatu."

"Umepita, bosi. Lakini bomba halikupita."

"Nani kakwambia?"

"Aliyeuchora."

Bosi akamtazama. Wageni walishaalikwa, viti vilishakodiwa, na yeye alikuwa mtu ambaye viti vikipangwa moyo wake hutulia. "Nusu saa," alisema. "Tutafunga valvu ya tangi tuone. Wodi ikiendelea kupata maji, kesho tunasaini na hili halikusemwa."

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mkunga mkuu, ambaye mji mzima ulimwita Sista, aliwapokea mlangoni mwa wodi, mikono kiunoni. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alipoelezwa, alijaza kwanza ndoo saba, akazipanga ukutani, akazifunika. "Nyinyi mnafanya majaribio," alisema, "mimi nina akina mama watatu humo ndani."

Mlinzi wa zahanati akapanda mnara, akafunga valvu. Bosi, Bi Ratiba na Sista wakasimama kuzunguka sinki kama watu wanaongoja chungu kichemke. Sista akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu zake zote, angavu, yakizunguka shimo la sinki. Kwa kitambo Bi Ratiba aliomba yaendelee, baba awe amekosea, kila kitu kibaki kama kilivyoandikwa. Kisha yakakonda. Yakawa uzi. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likadondosha matone matatu, moja baada ya jingine, na nyuma ya pazia mtoto mchanga akaanza kulia.

"Mlitaka kunipa hivi kwa wiki tatu?" Sista aliuliza, wala hakupandisha sauti.

Mkuu wa Miradi alitazama matone yakikauka. Alipozungumza, alizungumza kama mtu aliyeamshwa. "Tukilibakiza tangi, msingi hauna pa kukaa. Tukiusogeza msingi, tunarudi hatua ya kwanza: mchoro upya, vibali upya. Mwaka huu hatujengi."

"Lile bomba lililozibwa lipo ardhini," Bi Ratiba alisema. "Lina maji mpaka leo, limeishia karibu na wodi. Tukilipata, kuliunganisha ni kazi ya siku moja."

"Liko wapi?"

"Baba anajua."

"Basi mlete."

Huko ndiko kulikokuwa kugumu. Alasiri ile mzee alisikiliza habari ya sinki kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, lakini aliposikia kwamba anatakiwa kiwanjani kesho, furaha ikamtoka.

"Siji," alisema. "Nitakuelekeza, utaenda mwenyewe."

"Nielekezwe kwa mchoro gani, Baba? Mchoro ni wa uongo."

"Nitakwambia hatua."

"Hatua za miguu yangu au yako?"

Mzee aligeuzia uso dirishani. Bi Ratiba alimwona alivyo, shingo imekonda, ndevu hazikunyolewa sawasawa upande wa kushoto, na akaona kwamba kuendelea kunyamaza sasa ni kumwacha peke yake huko aliko.

"Baba, ile ratiba niliyokupa wiki iliyopita ilikuwa karatasi tupu."

Redio ilikuwa imewashwa chini chini. Mtu fulani alikuwa anasoma hali ya hewa.

"Zote?" mzee aliuliza.

"Kumi na nne."

"Nikasema imenyooka."

"Ulisema imenyooka."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Bi Ratiba alidhani analia, akainuka, kumbe anacheka, kicheko cha ndani kisicho na sauti, na kikamwambukiza na yeye, wakacheka wote wawili mpaka ikabidi mzee ashike mbavu. Kilipokwisha, mashavu yao yalikuwa yamelowa, na hakuna aliyeuliza ni machozi ya nini.

"La kushoto lilianza mwaka juzi, kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja kati," mzee alisema. "Sasa limekwisha. La kulia linaona mwanga, na linaona kivuli chako ukipita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtu aliyepima ardhi miaka thelathini na minane, akuambie nini? Kwamba anahesabu hatua za kwenda msalani?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ni kumi na tisa," mzee alisema. "Kama hujahamisha ndoo."

Asubuhi yake, Alhamisi ya saini, mzee alivaa viatu vyake vya kazi, akaweka mkono begani kwa binti yake, wakaenda. Kiwanjani walikuwepo bosi, Sista, wachimbaji wawili na makoleo yao. Wote walimwamkia, naye akaitikia kila mmoja, kisha kabla mtu hajapata la kusema akasema mwenyewe: "Nisije nikamkanyaga mtu, mimi sioni. Niwekeni kwenye kona ya wodi, ile ya nyuma."

Wakamweka. Aliegemeza mgongo ukutani, akavuta pumzi, akainua uso. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujaondoka kwenye nyasi. Bi Ratiba aliona uso wa baba ukibadilika, mikunjo ikilegea, kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba kimejaa watu anaowafahamu. Midomo yake ilitembea. Alikuwa anaongea na vijana wa zamani, yule wa kushika kamba, yule wa kupiga nyundo, akiwaambia wasogee. Akaanza kutembea. Hatua zake zilikuwa ndefu na za uhakika, hatua ambazo Bi Ratiba hakuwa ameziona tangu utotoni. Kumi na moja mbele. Nne kulia. Akapiga kisigino chini.

"Hapa. Kina cha mkono mmoja."

Wakachimba. Mkono mmoja, udongo mwekundu. Mkono na nusu, udongo mwekundu. Wakapanua shimo kushoto na kulia, na bado hawakupata kitu. Jua likapanda. Bosi akatazama saa yake, akatazama barabara, akaona aibu kutazama tena. Mzee alisimama pale pale, jasho linamtoka, na wale vijana wa zamani walikuwa wamemwacha. Alikuwa mtu mzima tu asiyeona, amesimama kwenye nyasi za watu.

"Labda bomba lilioza, Mzee," mchimbaji mmoja alisema kwa upole.

"Chuma kile hakiozi." Lakini sauti haikuwa na nguvu. "Nirudisheni ukutani."

Bi Ratiba akamrudisha. Mzee aliupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, juu, chini, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena, sikio karibu.

"Huu ni wa matofali matupu," alisema. "Mimi niliacha mawe hapa. Huu si ukuta wangu."

"Ah," Sista alisema, akaweka mkono mdomoni. "Stoo ya dawa. Waliisukuma nje walipotuongezea vitanda, nilikuwa ndiyo kwanza naanza kazi. Kona ya zamani iko ndani."

Wakaingia stoo, wakasogeza makasha ya pamba na glavu, na pale nyuma ya rafu kona ya mawe ikajitokeza, nyeusi na baridi. Mzee aliishika kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto. Kisha wakapima kwa kamba kutoka pale, kupitia dirishani, mpaka nje, kwa kuwa hakuna mtu anayepita ukutani, na mzee akahesabu zile hatua zake kwa sauti huku mchimbaji akizitembea kwa urefu aliopimiwa. Palikuwa hatua tatu nyuma ya shimo la kwanza. Makoleo yakaingia. Mara ya tano au ya sita likasikika, koleo juu ya chuma, sauti fupi na safi. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alipiga magoti mwenyewe, akaingiza mkono ndani ya udongo, akalipata lile bomba na kifuniko chake, akakaa ameshika.

"Lina baridi," alisema. "Maji yamo."

Sherehe ya saini iliahirishwa mpaka Jumatatu. Kwa siku tatu Bi Ratiba aliliandika upya faili: kazi moja mpya kwenye wiki ya tano, kuunganisha wodi na bomba la barabarani, na mstari mmoja mpya kwenye orodha ya hatari, kwamba michoro ya zamani isiaminiwe kabla ya kujaribiwa kiwanjani. Mchoro nao ulisahihishwa, na bosi mwenyewe alikuja nyumbani na karatasi ili mzee aweke saini. Mzee alitaka kuonyeshwa mstari, akaonyeshwa, na saini bado ikapanda juu ya mstari na kuishia pembeni mwa karatasi. "Ni mbaya?" aliuliza. "Inasomeka, Mzee," bosi alijibu, akaikunja karatasi kwa uangalifu mkubwa.

Siku ya Jumatatu, mbele ya wageni, Mkuu wa Miradi alishika kalamu yake nzito akasema maneno yake ya siku zote. Safari hii kofia ilibaki kwenye kalamu. Aliuliza, "Mwenye neno?" akasubiri, akawatazama mmoja mmoja, kimya kikawa kirefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Sista aliinua mkono, akauliza kama taa za wodi zinatumia waya wa jengo lipi. Wakatafuta, wakaona, zilikuwa salama. Ndipo akasaini.

Daktari wa macho, ambaye mzee alikubali hatimaye kupelekwa kwake, alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto halirudi. La kulia linaweza kubaki lilivyo, na matone asubuhi na jioni, kila siku, maisha yote. Mzee alilalamika kwamba dawa inawasha, akasema ameshajitia wakati hajajitia, wakagombana, wakapatana. Hakupata tena kuona sura ya binti yake, ila kivuli. Hilo aliliomboleza siku kadhaa, kwa kuzima redio, kisha akaiwasha.

Wiki ya sita mnara wa tangi ulibomolewa. Bi Ratiba alikaa siku nzima karibu na simu. Sista hakupiga, na hiyo ndiyo ilikuwa habari njema.

Mwezi uliofuata likaja faili jipya, la soko. Alipofika kwenye ratiba, saa nane mchana, ofisi imezama katika ule utulivu wa baada ya chakula, feni inazunguka polepole na watu wanapiga miayo, Bi Ratiba alianza kusoma kwa sauti. Wenzake wakatazamana. Mmoja akacheka, akasema sasa Bi Ratiba amekuwa redio. Yeye aliendelea: wiki ya kwanza, wiki ya pili, mstari, kufumba macho, mstari mwingine. Baada ya kitambo afisa manunuzi, mwanamume mkavu ambaye hakuwahi kusoma faili lake hata moja, aliacha alichokuwa anaandika, akavuta kiti karibu, akaketi na kufumba macho.

"Wiki ya nane," Bi Ratiba alisoma, "kuezua paa la zamani, banda la pili."

"Ngoja kidogo," afisa manunuzi alisema. "Mimi nina matenga sita ya nyanya humo ndani. Mvua inaanza. Nayapeleka wapi?"

Bi Ratiba akatafuta ukurasa.